Majora Yaenda Urambo

Binti aliingia dukani kwa mwendo wa mtu anayejua anachotaka, na Parin akafurahi moyoni. Asubuhi nzima walioingia walikuwa wanaomba chenji tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Una shughuli gani?"

"Dada anaolewa, tuna sendofu yake. Naomba nione ile ya kijani, ile ya juu kabisa."

Parin alipanda kigoda mwenyewe, magoti yakimlalamikia, akalishusha jora na kulibingirisha juu ya kaunta mpaka kijani kikatanda kote. Binti alikipapasa kitambaa. Alikifinya, akakiachia, akakiweka shavuni. Kisha akatoa simu, akakipiga picha, na upindo wenye jina la kiwanda nao akaupiga picha.

"Nikukatie mita ngapi?"

"Hapana mama, asante. Kuna dada yuko Dar, nanunua kwake mtandaoni. Nilitaka tu kujua kikoje mkononi."

Akaaga kwa adabu, akaondoka. Hiyo adabu ndiyo iliyomuuma Parin. Angetukanwa angejua la kujibu, maana katika mtaa ule wa maduka hapakuwa na mwanamke wa kumshinda kwa ulimi. Alibaki anakunja jora lake. Mwanawe Hasnain, aliyekuwa ameketi nyuma ya mashine ya risiti, hakuinua hata kichwa.

"Umeona, Mama? Wanakuja kushika kwetu, wanakwenda kununua kwingine. Hili si duka tena. Ni makumbusho ya vitambaa."

Mchana ule, nyumbani kwao Cheyo, mjini Tabora, Hasnain aliisukuma sahani ya wali kabla hajaimaliza, akasema lililokuwa limemkaa kooni kwa muda. Alikuwa ameongea na Abbasi, yule muuza simu wa karibu na stendi. Mwisho wa mwezi Abbasi angechukua duka, auze simu na vifaa vya umeme wa jua. Jengo lilikuwa lao, kwa hiyo kodi ingeingia bila mtu kusimama kutwa.

"Na vitambaa?" Parin aliuliza.

"Tutamwita mtu wa jumla avikombe. Hata kwa hasara."

"Umeshampa neno?"

"Nimempa."

"Duka la baba yako, Hasnain! Mimi nimekaa pale tangu nilipoletwa bibi harusi, na neno umelitoa bila kuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Kwani kukataa ni dhambi?"

Hasnain hakuwa mtoto mbaya. Tangu baba yake, Parvez, afariki, ni yeye aliyefungua milango ile kila asubuhi, na kila mwaka alikuwa anaifungua kwa uso mzito zaidi. Parin aliliona hilo na ndiyo maana hakuendelea kufoka. Alianza kuokota punje za wali zilizomwagika mezani, moja moja.

Aliyedakia ni Najiat, mkewe Hasnain. Alikuwa mzaliwa wa Isevya, binti wa mwanamke aliyeuza udi na manukato barazani, na biashara aliinyonya ziwani.

"Kabla ya kumwita mtu wa jumla," alisema huku akikusanya sahani, "niachieni niwauzie wanawake wenyewe. Laivu, kwenye simu. Kitakachobaki ndicho mkiuze kwa hasara yenu."

"Kitambaa hakinunuliwi kwa macho," alisema Parin. "Kinanunuliwa kwa vidole."

"Basi tujaribu, Mama. Tukishindwa, si tulikuwa tunafunga tu?"

Parin alimsogezea sahani yake aikusanye.

Jumamosi Najiat alifunga taa mpya yenye mwanga mkali juu ya kaunta, akaiegemeza simu kwenye mkebe wa vifungo, akavaa mtandio wake mzuri na kuanza. Parin alijibanza nyuma ya majora, akiapa kwamba upuuzi ule hautamhusu.

"Karibuni sana wapendwa, leo tuna vitambaa vizuri kwa bei nzuri..."

Sauti ilikuwa si yake. Alikuwa kama mtoto anayesoma risala mbele ya mkuu wa wilaya. Watazamaji walikuwa wachache, na waliokuwepo hawakuwa na huruma. Mmoja aliandika, "Dada umekula?" Mwingine akaandika kwamba vitambaa vile alizikwa navyo bibi yake. Najiat akainua kitenge chekundu. Mtu akauliza: kinachuja?

"Ee... hapana. Nadhani hakichuji."

"Kinachuja!" Parin alifoka kutoka nyuma ya majora. "Mwambie kinachuja! Asije akakifua na shuka nyeupe akatulaani!"

Najiat alitamani ardhi impasukie. Lakini kwenye kioo maandishi yalianza kupanda mbio. Nani huyo? Huyo mama ni nani? Mleteni huyo! Huyo ndiye muuzaji sasa! Najiat aliyasoma, akamtazama mama mkwe wake, na bila kuomba ruhusa akaigeuza simu.

Parin alikuwa na futi ya kupimia shingoni na mkasi mkononi, hana hata poda. Angeweza kukimbia. Badala yake aliisogelea ile simu kama anavyomsogelea mteja mbishi.

"Kinachuja mara ya kwanza na ya pili," alisema. "Ukikiloweka kwenye maji ya chumvi kinatulia. Ndiyo maana bei yake ndogo. Mwenye shuka nyeupe akae nacho mbali. Sasa hiki hapa..." Akalivuta jora jingine, akakusanya kitambaa chote kwenye ngumi, akakiminya kama anakamua chikichi, akakiachia. "Mnaona? Hakina mkunjo. Ukipanda nacho basi mpaka Igunga, unashuka kama ulivyopanda."

"Wanauliza kama kile chekundu ni pamba kweli, Mama."

"Nipe kibiriti."

Alichomoa uzi, akauwasha, akaupuliza. "Harufu hamuisikii, lakini tazameni jivu. Laini. Kingekuwa cha plastiki kingeganda kama ushanga. Ukiuziwa kitambaa, choma uzi. Muuzaji akikukataza, ondoka."

"Kuna mmoja anajiita Malkia wa Nzega. Anaomba umpunguzie."

"Malkia gani anayeomba kupunguziwa? Mwambie malkia hulipa na kuongeza ya soda!"

Mioyo myekundu ilibubujika kwenye kioo. Malkia wa Nzega alilipa, bila soda, na akaandika kwamba amecheka mpaka mtoto wake ameamka. Parin alipouliza wako watu wangapi huko ndani, Najiat alimjibu, "Usiulize Mama, endelea tu."

Hasnain alikuwa mlangoni. Malipo yalikuwa yanaingia kwenye lipa namba ya duka, na kila yalipoingia simu mfukoni mwake ilitikisika. Aliitoa, akasoma, akairudisha. Ikatikisika tena. Mwishowe aliacha kuirudisha mfukoni, akasimama nayo mkononi, mdomo wazi, mpaka simu ya Najiat ilipopata moto na kujizima yenyewe.

"Bado mnahitaji mtu wa jumla?" Parin alimuuliza, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mwanawe alicheka.

Siku zilizofuata zilikuwa za kukimbia. Kukata, kukunja, kufunga, kuandika majina, kuwahi stendi kabla basi la Nzega halijatoka, kubembeleza makonda. Parin alipanda kitandani kila jioni amechoka kama aliyelima, na kila alfajiri aliamka kabla ya adhana akiwaza atawaambia nini leo.

Katika heka heka hizo alipiga simu mwanamke mmoja wa Urambo. Aliitwa Adelina, mke wa mkulima wa tumbaku na kiongozi wa kwaya ya parokia yao.

"Mama, kwaya yetu ina sherehe Jumapili. Tunataka sare. Ile ya zambarau uliyoonyesha jana. Kina mama wote wameipenda, wamechanga kabisa. Itafika?"

"Itafika."

"Mama, ni watu wengi. Ukituangusha tutavaa nini?"

"Nimesema itafika, mwanangu. Mimi ni Parin."

Siku hiyo hiyo, wakiwa laivu, Abbasi aliingia na fundi seremala. Hakuwa na ubaya. Alisalimia vizuri, "Shikamoo mama, endeleeni tu, sisi tunapima ukuta," na yule fundi akaunyoosha utepe wake juu ya kichwa cha Parin, kutoka rafu mpaka rafu, akitaja namba kwa sauti. Watazamaji wakaona. Mmoja akauliza fundi anapima jeneza la nani. Parin hakuacha kuongea. Alisema ni ukuta wa jirani, akashusha jora lingine. Hasnain aliyasikia yote, akajifanya anatafuta kitu chini ya kaunta.

Mzigo wa kwaya uliondoka na basi la asubuhi. Mchana, laivu ikiwa imechangamka kuliko siku zote, Adelina aliomba kuunganishwa, na uso wake ukatokea nusu ya kioo. Nyuma yake walisimama wanawake wa kwaya wameshika kitambaa mbele ya vifua vyao. Hawakuwa wanacheka.

"Mama Parin," Adelina alisema, "hii ni rangi gani?"

Parin aliinama kwenye simu. "Si zambarau?"

"Hii ni bluu, mama. Tuliona zambarau kwa macho yetu, wote hawa. Umetuletea bluu ya ovaroli za gereji. Tumechanga pesa za watu."

Maandishi yalianza kupanda tena mbio, ila sasa yalikuwa na meno. Matapeli hao. Wanawaonea watu wa vijijini. Nilijua tu. Hata Malkia wa Nzega aliandika, "Mama, kumbe?" Neno hilo moja lilimkata Parin kuliko yote. Najiat alijaribu kueleza, akakwama, akazima simu.

Parin alilibeba jora lililobaki mpaka barazani, kwenye jua. Bluu. Akalirudisha ndani chini ya ile taa mpya, akalitazama kwa macho, kisha kupitia simu ya Najiat. Zambarau nzuri kabisa.

"Taa," alisema taratibu. "Taa na simu vimekula njama. Na mimi, mzee mzima, nimekaa chini ya taa hiyo hiyo nikaona zambarau, nikaikata na kuifunga hapo hapo."

"Nilisema mimi," Hasnain alisema, lakini bila ushindi. "Warudishie pesa yao, Mama, tufunge hii habari. Abbasi anachukua duka, basi."

"Pesa watapata leo hii. Jina je? Nalo nilitume kwa simu?"

"Sasa unataka kufanya nini?"

"Zambarau ya kweli ipo stoo. Kesho nakwenda nayo Urambo. Mimi na Najiat."

"Na magoti hayo? Na majora ndani ya basi?"

"Hasnain, vitambaa vya babu yake baba yako vilifika Tabora hii mabegani mwa Wanyamwezi, miezi njiani, hata reli haijaota. Leo kuna lami. Unataka nione aibu ya kubeba?"

Asubuhi Hasnain mwenyewe ndiye aliyepandisha kwenye basi majora ya zambarau, na mengine machache ya kuonyesha. Kisha akamwekea mama yake mto kwenye kiti.

Uani kwa Adelina walikuwa wamekaa kwenye mikeka na viti vya plastiki, nyuso zimefungwa. Parin aliteremsha mzigo wake, akanyoosha mgongo, akawatazama.

"Mwangaluka!" aliwaamkia kwa lugha yao, Kinyamwezi.

Ilikuwa vigumu kutoitikia. Wawili watatu waliitikia, mmoja akacheka kwa kuziba mdomo.

"Sikuja kujitetea," alisema Parin. "Kosa ni langu. Nimekuja kuchukua bluu yangu, na pesa yenu ilisharudi jana. Anayetaka kununua tena, zambarau hii hapa, kwa bei ya kumwomba radhi. Asiyetaka, tunywe maji tuagane vizuri. Najiat, washa."

"Tuwe laivu, Mama? Hapa?"

"Walitutukana mbele ya watu. Tuombe radhi chumbani?"

Najiat akawasha. Chini ya jua la Urambo, Parin alivitandaza vitambaa viwili kando kwa kando, akaeleza habari ya taa tangu mwanzo, na akasema aliyemwita tapeli alikuwa na haki ya kuuliza. "Kuanzia leo rangi yoyote mtaiona juani, barazani. Mvua ikinyesha, hatuuzi."

Wanawake hawakungoja amalize. Walishainuka, mikono yote imeingia kwenye zambarau, wanavuta, wanapima urefu kwa mikono, wanajitupia begani na kuulizana nani amependeza. Adelina alibaki ameshika kipande cha pembeni, anakisugua kati ya vidole, anawaza.

"Tatizo mama si taa," alisema. "Tatizo sisi huku tunaona tu, hatushiki. Ningekuwa na kakipande haka hapa nyumbani, wala nisingehofu simu yako."

Parin aligeuka. "Ngoja. Sema tena."

"Nasema ningekuwa na kipande..."

Mkasi ulikuwa umeshatoka. Parin alikata kona ya zambarau, kona ya ile bluu, kona ya kila jora alilokuja nalo, akavitunga vipande vyote kwenye uzi mmoja, akamkabidhi Adelina shada zima.

"Hivi vinakaa kwako. Mtu anatazama kwenye simu, anakuja kwako, anashika. Akichagua, unatupigia, basi la asubuhi linaleta. Kila kinachouzwa kupitia mkono wako, na wewe una fungu lako."

"Fungu kiasi gani, mama?" Adelina aliuliza papo hapo. "Tuseme kabisa, watu wote wanasikia."

Uani kulilipuka kicheko. Walivutana bei mbele ya simu, Adelina akipanda, Parin akishuka, kwaya nzima ikimshangilia mtu wao, mpaka Parin akanyoosha mikono juu kama aliyeshindwa vita. Na Najiat, aliyekuwa ameshika simu, alianza kusoma kwa sauti iliyopasuka kwa furaha.

"Mama! Wanauliza Nzega je? Malkia anasema anataka vipande, ana sebule kubwa! Kaliua wapo! Igunga, mwalimu mmoja anasema wenzake wote wanashona! Sikonge!"

Parin alikaa kwenye kiti cha plastiki. Moyo ulikuwa unamdunda kama wa msichana. "Waambie wapange foleni," alisema.

Mwisho wa mwezi ulipofika Hasnain alikuwa hali wala halali vizuri. Duka lilikuwa limefurika vifurushi, na yeye alikuwa amempa Abbasi neno. Kabla Abbasi hajaja alimfuata mama yake stoo, chumba kile kirefu cha nyuma chenye mlango wa uchochoroni, alikokuwa anahesabu mashada ya vipande.

"Nitamwambia nimeghairi, Mama. Ataniita mwongo mjini kote, lakini nitamwambia."

Parin alikaza fundo la shada alilokuwa ameshika. Alikuwa amelifikiria jambo lile tangu aliporudi Urambo, na lilikuwa limemliza kidogo, peke yake, bila mtu kujua. Kule mbele palikuwa na kaunta, kiti chake, na kipande cha barabara alichokitazama tangu ujana wake. Lakini tangu wiki ile nani alikuwa ameingia kupitia mlango ule? Wateja walikuwa wanaingia kwa njia nyingine, na vifurushi vilikuwa vinatoka kwa uchochoro huu, unaokata moja kwa moja kwenda stendi.

"Mpe," alisema.

"Nini?"

"Mpe Abbasi mlango wa mbele. Neno lako lisimame. Sisi tunahamia huku. Barazani tutabaki nako asubuhi, kwa ajili ya jua. Na kodi uliyomtajia ni ndogo. Hiyo nitaongea naye mimi."

Hasnain alimtazama mama yake kana kwamba amemwona leo. Akaushika mkono wake, akaubusu.

Abbasi alikuja, akavutana bei na Parin mpaka jasho likamtoka, akapewa ufunguo. "Lakini mama," aliuliza, "huko nyuma nani atawaona?" Parin alicheka mpaka akashika ukuta.

Siku ya kuhama fundi seremala alibomoa kaunta, akapanda ngazi na kulishusha bango la Duka la Vitambaa la Parvez. Lilipofika chini Parin alilifuta vumbi kwa upande wa mtandio wake, akasimama nalo. Fundi akauliza alipeleke wapi.

Kutoka stoo Hasnain alikuwa anapaza sauti kwamba basi la Kaliua linapiga honi, nani ameona vifurushi vya huko, kamba iko wapi. Na barazani, kwenye jua, Najiat alikuwa anaita.

"Mama! Igunga wamejaa, wanakuulizia!"

"Liweke popote pakavu," Parin alimwambia fundi. Alijifunga mtandio kiunoni, akachukua mkasi, akatoka nje kwa haraka.